Miezi 7 na timolol ya jeli: tone moja baada ya alfajiri

Kila nikikaa kwenye foleni ya kliniki ya macho, mama mmoja au wawili huniuliza kuhusu ile dawa yangu ya "jeli", yaani timolol, tone la kushusha presha ya macho. Nimeitumia miezi 7, macho yote mawili. Imenifaa, na chupa ya mwezi ujao nimeshaiagiza. Ila yako mambo ambayo laiti ningeyajua kabla sijatoa pesa zangu, ndiyo nayaandika hapa.

Mimi ni fundi wa kushona, Majengo, Mombasa. Marehemu babangu alikuwa akishona kofia za vito kule Lamu, na presha ya macho ndiyo iliyomtoa kwenye sindano. Dawa aliyopewa ilikuwa pilokapini, matone mara 4 kwa siku. Kila akitia, mboni zilisinyaa, nyumba ikamjia kiza, na paji la uso likamgonga kwa ndani. Akaanza kuruka tone la adhuhuri, kisha la alasiri, na sisi watoto hatukumhimiza kwa sababu jicho lenyewe halikuwa likimuuma. Glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho, ya namna yake, ambayo ndiyo yangu, haina maumivu. Inakula uoni wa pembeni kwanza, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokuwa nikimwona anagonga mlango kwa bega, roho yangu inauma, maana tulidhani ni uzee.

Nilipopimwa mimi, nikiwa na miaka 46, presha ya jicho la kulia ilisoma 28 na ya kushoto 26, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Nikaanzishiwa timolol ya matone ya kawaida, asilimia 0.5, asubuhi na jioni. La asubuhi sikulikosa. La jioni ndilo lililonishinda. Magharibi ndiyo saa wateja wanakuja kuchukua madera yao, wajukuu wanataka chakula, na nikifika kitandani ndipo nakumbuka chupa iko dukani ndani ya droo ya cherehani. Kliniki baada ya kliniki nasoma 22, 23. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, la jioni unalipata mara ngapi kwa wiki?" Nikamwambia kweli: tatu, pengine nne. Hapo ndipo akaniandikia hii ya jeli, mara moja kwa siku.

Alinieleza sababu, na tangu siku hiyo naitia dawa yangu kwa adabu nyingine kabisa. Machozi yaliyomo jichoni kwa kawaida ni kama mikrolita 7 tu. Tone moja la chupa ni mikrolita 30 hadi 50, na jicho haliwezi kubeba zaidi ya 30 hivi. Kinachozidi kinamwagika shavuni, au kinashuka kwenye kile kijitundu cha kona ya jicho mpaka puani na kooni, ndiyo maana wengine wetu tunaonja uchungu. Kilichobaki kinasafishwa na machozi mapya kwa dakika chache. Dawa inayopenya hadi ndani ya jicho haifiki hata asilimia 5 ya tone.

Sasa hii ya jeli haitoki chupani ikiwa jeli, na hilo ndilo lililonishangaza siku ya kwanza. Inatoka majimaji mazito kidogo. Ndani yake mna kitu kinaitwa gellan, jamii ya sukari inayotengenezwa na bakteria, ambayo hata viwanda vya vyakula huitumia kugandishia. Ikikutana na chumvi ya machozi inashikana papo hapo ikawa utandu laini juu ya jicho, na timolol inatoka humo kidogo kidogo badala ya kuoshwa yote kwa mara moja. Wala si kitu kipya cha kutujaribia sisi: timolol ya macho iliidhinishwa Marekani mwaka 1978, na ya kwanza ya namna hii, Timoptic-XE, ilipata kibali huko mwaka 1993.

Ratiba yangu ni hii. Nikishaswali alfajiri, nanawa mikono, naipindua chupa ikiwa bado imefungwa na kuitikisa mara moja tu, kisha nafungua. Navuta kope ya chini, natia tone moja kila jicho. Nafumba bila kukaza, na kidole nakibana kwenye kona ya jicho karibu na pua kwa dakika 2. Kubana huku usikuache, uwe unatumia jeli au matone ya kawaida; ndiko kunakozuia dawa kuteremka kooni na kuingia kwenye damu. Ukiwa na matone mengine, hayo yatangulie, ungoje angalau dakika 10, jeli iwe ya mwisho.

Halafu ukungu. Ukitia tu, unaona kama unatazama kupitia kioo kilichopumuliwa. Kwangu huchukua dakika 3 hadi 5. Wiki ya kwanza niliogopa sana. Siwezi kutunga uzi, siwezi kusoma ujumbe kwenye simu, na kuvuka barabara kwenda kudaka matatu ni mwiko. Nilimwomba daktari niihamishie usiku, nilale nao ukungu wangu. Akakataa, na sababu yake ni nzuri: timolol hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, na usiku jicho lenyewe limeshapunguza, kwa hiyo dawa inakuwa haina kazi kubwa ya kufanya. Asubuhi ndiyo saa yake. Basi zile dakika 5 nimezifanya za nyiradi. Nakaa kitako, nafumba macho, nikimaliza dunia imeshakuwa safi.

Kuna na tongotongo. Utandu ukikauka unaacha ukoko mweupe kwenye kope, na ukifikicha unawasha. Kitambaa safi na maji ya vuguvugu vinatosha. Chupa nayo ni ngumu kubonyeza. Tone linakuja kwa kusitasita. Shangazi yangu, ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, aliijaribu ikiwa imefungwa tu akashindwa kuifinya. Mtu kama yeye awe na wa kumtilia.

Ramadhani ndipo nilipoipenda kikweli. Mwaka wa nyuma, na matone mawili kwa siku, nilikuwa na wasiwasi kila jioni. Wanazuoni wa fiqhi waliokutana Jeddah mwaka 1997 walisema tone la jicho halibatilishi saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni, na sheikh wetu wa mtaani anasema hivyo hivyo. Lakini ule uchungu kooni ulikuwa ukinikosesha raha. Mwaka huu nilitia mara moja wakati wa daku, nikabana kona ya jicho, nikamaliza. Mwezi mzima sikuruka hata siku moja.

Majibu: kliniki ya mwezi wa 3 tangu nianze jeli nilisoma 19 na 18. Ya mwezi wa 6, 18 na 18. Daktari alisema wazi kwamba dawa ni ile ile, na mtu anayetia matone ya kawaida mara mbili bila kukosa atapata karibu hayo hayo. Kilichobadilika ni kwamba sasa dawa yangu inaingia jichoni kila siku. Nimewaza sana juu ya babangu nilipoambiwa hivyo.

Sasa ya kuangalia. Kwanza bei: kwa pesa ya chupa moja ya jeli ya mililita 2.5 nilikuwa nikinunua chupa mbili za kawaida na chenji inabaki. Pili, ukiifungua ni siku 28, kisha inatupwa hata kama mna kilichobaki. Tarehe ya kufungua naiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya chupa. Tatu, joto. Yangu imeandikwa isizidi nyuzi 25 na isigande, na Machi ya Mombasa mnaijua. Naiweka chumba cha nyuma, ndani ya kabati, mbali na dirisha, wala siibebi dukani tena.

Nne, na hili nalisema kwa nguvu: duka moja la dawa lilinipa jeli ya macho ambayo si yenyewe. Ilikuwa ya kaboma, ya kulainisha macho makavu. Kaboma ni nzuri kwa kazi yake, lakini haina chembe ya dawa ya presha, na kama nisingesoma boksi ningekaa mwezi mzima nikijiona natibiwa. Tafuta neno timolol. Usiridhike na neno jeli.

Tano, kaka yangu mkubwa aliposikia sifa zake alitaka tugawane chupa. Nilimkatalia, na alinuna. Yeye ana pumu. Timolol, hata ya tone, ikifika kwenye damu inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, na inapunguza mapigo ya moyo. Mimi daktari alinisikiliza kifua na kunipima mapigo kabla ya kushika kalamu. Kaka naye amepimwa, presha ya macho anayo, na ameandikiwa dawa ya aina nyingine kabisa.

Mwezi wa 5 jeli ilipotea madukani siku 9. Nilipiga simu kila mahali nikakosa. Sasa cheti changu kina dawa mbili: jeli mstari wa kwanza, na chini yake timolol ya kawaida asubuhi na jioni kwa siku ambazo jeli haipatikani. Chupa hiyo ya pili iko kabatini, haijafunguliwa, na kwenye simu ya mjukuu wangu nimetegesha kengele ya saa 12 na nusu jioni, ya kuwashwa siku itakapohitajika.