Kupiga hema na familia: Tiwi au Shimba?

Anayeniuliza kambi ipi nzuri kusini ya Mombasa namuuliza kwanza anakwenda na nani. Kwetu Majengo tukisema tunakwenda kulala hemani, maana yake ni mamangu mwenye maumivu ya magoti, dada zangu, watoto wa kila rika hadi wa kunyonya, na masufuria yao. Kambi naipima kwa yule ambaye safari itamtaabisha zaidi. Mama akilala vizuri, sote tumelala.

Likizo ya Agosti tulikwenda kambi moja ya ufukweni, Tiwi. Tulivuka feri ya Likoni mapema kabla foleni haijakaza. Wenye gari siku hizi wana pia njia ya Dongo Kundu, isiyopitia feri. Kutoka barabara ya lami hadi baharini ni mbali kwa mtu mwenye mizigo, kwa hivyo chukueni tuktuk, msitembee.

Nianze na vyoo, maana hapo ndipo kambi nyingi huanguka. Hapa ni visafi, vya wanawake viko mbali na vya wanaume, na milango ina makomeo yanayofunga. Kutoka hemani hadi chooni ni tambarare tupu, hakuna ngazi. Mama alikwenda peke yake usiku na tochi yake, akarudi bila kumwamsha mtu. Kwa hilo pekee nawapa alama za juu. Maji ya bomba lakini ni ya chumvichumvi, ya kisima. Kuoga na kutawadha yanafaa, ila chai yake hainyweki. Bebeni mitungi ya maji matamu kutoka nyumbani.

Kiwanja chenyewe ndicho kilichotutia maneno. Mlinzi alituonyesha mahali pazuri pa kutazama, kivuli tele, bahari mbele, na juu yetu minazi yenye makole ya nazi zilizokomaa. Dada yangu mkubwa alikataa hata kushusha mkeka. Nazi ikianguka kutoka juu vile haichagui kichwa cha mtoto wala cha mzee, na mwenye kambi anayelaza wageni chini ya minazi isiyoanguliwa anacheza na roho za watu. Hilo nilimwambia meneja ana kwa ana, naye akatuhamisha chini ya mivinje. Mvinje una kivuli chepesi, hauangushi kitu kizito, na majani yake makavu ni kama godoro chini ya hema.

Agosti ni kusi, upepo unatoka baharini upande wa kusini-mashariki na haupumziki usiku. Wengi hufungua mlango wa hema kuelekea bahari ili waione wakiamka, kisha usiku kucha turubai linapigapiga. Sisi tuliupa upepo mgongo, mlango ukatazama bara, na tukakaa nyuma ya ua wa miti. Vigingi vifupi havishiki mchangani. Jazeni viroba mchanga, fungeni kamba za hema kwenye viroba, mvifukie. Halafu kabla ya kuchagua mahali, tembeeni ufukweni mtafute mstari wa mwani mkavu, maana ndipo maji yalipofika. Bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu hupandisha maji zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na hema iliyo chini ya mstari huo italoa.

Kasoro yao nyingine ni muziki wa baa, Jumamosi hadi usiku wa manane. Mwenye mtoto mchanga aende katikati ya wiki.

Sasa Shimba. Vijana wa dada zangu wanaishangilia, na wana haki. Hifadhi ya Shimba Hills iko Kwale, juu vilimani, hewa yake baridi na asubuhi kuna ukungu. Ndiko peke yake nchini Kenya palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, anakopatikana porini, na kuna ndovu, na kuna matembezi na askari wa wanyama hadi maporomoko ya Sheldrick. Lakini kule unabeba kila kitu: maji ya kunywa, taa, chakula kilichofungwa ndani ya gari kwa sababu ya nyani. Matunda hayalali hemani, ndovu ana pua. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hufanywa mtandaoni kwa eCitizen ya serikali, kwa hivyo maliza kulipa ukiwa bado na mtandao mzuri. Kushuka maporomokoni ni raha, kupanda kurudi ni kazi ya magoti mazima, na usiku huwezi kumruhusu mzee atoke peke yake kwenda chooni. Ukiwa na vijana wenye nguvu na gari, usisite. Mamangu simpeleki kulala huko. Tutampeleka mchana, ale upepo, ashuke jioni.

Tiwi tunarudi Desemba, kusi ikishaisha. Nimeshapiga simu, nimeomba kiwanja kilekile cha mivinje, upande wa vyoo, siku za katikati ya wiki. Meneja ameandika, na ameniahidi minazi itaanguliwa kabla ya likizo. Nitakagua mwenyewe kabla watoto hawajashuka kwenye tuktuk.