Uzoefu wangu: kuwekewa stenti kwenye mshipa wa figo niliyopandikizwa

Aliyenipa figo ni dada yangu, tumbo moja, na mpaka leo akinipigia simu hasemi "hujambo". Anasema, "Figo yangu inaendeleaje?" Mwezi wa 8 baada ya upasuaji nikaanza kumdanganya. Presha ilikuwa imegoma.

Nilikuwa nameza dawa 3 za presha, asubuhi mashine yangu inasoma 170 kwa 100, jioni 165. Nikailaumu mashine, maana niliinunua Kariakoo kwa kupatana bei. Nikabadilisha betri. Nikaenda kupima kwenye duka la dawa la jirani hapa Tabata, ikasoma 174. Miguu nayo ikavimba, nikivua soksi zinaacha mfereji unaokaa mpaka nimalize kuoga.

Kliniki wakaniongezea losartani, dawa nyingine ya presha. Baada ya siku 10 kreatinini, ule uchafu wa damu unaopanda figo ikishindwa kuchuja, ikaruka kutoka 121 hadi 196. Nikajua basi, mwili umeikataa figo, na sidhani kama kuna aliyepandikizwa ambaye angewaza kingine. Daktari wangu wa figo hakusema neno. Alinilaza, akaweka kipimo chake cha kusikilizia chini ya kitovu upande wa kulia, akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote. Halafu akanivisha mimi masikioni. Kila pigo la moyo lilikuwa linafuatwa na "shwii", kama upepo unaopita chini ya mlango.

Kwa wasiojua, figo mpya haiwekwi mgongoni zilipo zile za zamani. Inakaa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na mshipa wake unashonwa kwenye mshipa mkubwa unaoteremka kwenda mguuni. Kwenye mshono au jirani yake ndipo panapoweza kubana, mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na mwaka wa 2 baada ya kupandikizwa. Figo ikipata damu kidogo inadhani mwili mzima una presha ndogo, kwa hiyo inaamsha homoni za kuipandisha. Ni sawa na mpangaji wa ghorofa ya 4 ambaye maji hayamfikii, kila saa anampigia mlinzi awashe pampu, kumbe lililoziba ni bomba la kwake peke yake. Losartani inazizuia homoni hizo hizo, na figo yangu ilikuwa inaishi kwa msukumo wa homoni hizo. Ndiyo maana ilizidiwa. Dawa ikasimamishwa siku ile ile.

Kipimo cha dopla, yaani ultrasaundi ya mishipa, kilikuwa rahisi: jeli ya baridi tumboni, dakika 30, damu ikaonekana inapita kwa kasi isiyo ya kawaida sehemu moja. Nilidhani inafuata picha ya CT, daktari akakataa. Ile dawa ya rangi wanayochoma ili mishipa ionekane inaweza kuiumiza figo, akasema afadhali itumike mara moja tu, kidogo, siku ya matibabu yenyewe. Kwa uamuzi huo pekee ningempa nyota 5.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nililazwa na dripu ya maji, nayo ni kwa ajili ya kuikinga figo na hiyo rangi. Asubuhi nikaingizwa kathlabu, chumba cha kutibia mishipa kwa mirija. Hulali usingizi. Unachomwa ganzi kwenye kinena, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mpaka pale palipobana, kisha wanajaza puto dogo. Puto lilipojaa nilihisi kitu kinanivuta tumboni, kizito, ila siwezi kuita maumivu. Halafu wakaacha stenti, kijiwavu cha chuma kinachoshikilia mshipa usirudi kujibana. Hata saa moja haikuisha. Daktari akanigeuzia skrini: kabla, mshipa una kiuno cha nyigu, baada, umenyooka.

Sasa ile nyota moja niliyoibana, maana huduma naipa 4 kati ya 5. Hospitali siitaji.

Asubuhi ile, kabla sijaingizwa kathlabu, saa 2 ni muda wangu wa takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo. Sista akaja akakuta nimeshika kidonge.

"Baba, umeambiwa usile chochote."

"Sista, hii ndiyo inayoilinda figo. Naomba umuulize daktari wa figo."

"Daktari yuko kwenye raundi."

Tulibishana mpaka saa 3 na nusu, mimi kwa adabu, yeye kwa uchovu, ndipo simu ikapigwa na jibu likaja: ameze na maji kidogo. Simlaumu sana, karatasi ya kitandani ilikuwa imeandikwa "asile" bila maelezo mengine. Lakini mgonjwa mgeni angenyamaza. Halafu habari ya kwamba bima hailipi stenti yote niliambiwa siku moja kabla. Pengo lilizibwa na kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na shemeji yangu mmoja bado ananikumbusha.

Baada ya kutoka kathlabu ni kulala chali kwa saa 6, mguu umenyooka, haja ndogo kwenye chupa. Paja likapata weusi uliokaa wiki 2. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, habari za upandikizaji zinasikika hata kwenye daladala, ila haya yanayokuja miezi ya baadaye mimi sikuwahi kusimuliwa na mtu.

Wiki moja baadaye kreatinini ilikuwa 129. Dawa za presha sasa ni 1 badala ya 3. Zimeongezeka aspirini na klopidogreli, nimeonywa nisiache hata siku moja bila kuambiwa, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Mshipa unaweza kubana tena, hilo hawakunificha, kwa hiyo dopla narudia mwezi wa 3 na wa 6 baada ya stenti.

Leo asubuhi mashine ya Kariakoo imesoma 128 kwa 78. Nikampigia dada kabla hajanipigia yeye. Akaniambia nikae dakika 5, nipime tena.