Kabureta ya Zenith 36IV kwenye Land Rover Series III: inyooshe kabla ya kununua nyingine

Jambo yenu, ndugu zangu! Karibuni tena garaji, hapa Kamalondo, Lubumbashi. Leo gari lenyewe litakaa nyuma yangu kimya, kwa sababu ninachotaka mkione ni hiki hapa mkononi. Kabureta ya Zenith 36IV, kile chombo kinachochanganya hewa na mafuta kabla ya kuingia kwenye injini. Nimeifungua kwenye Land Rover yangu, Series III ya mwaka 1974, ile fupi ya inchi 88. Usukani uko kulia kwa kuwa lilitoka Ndola, Zambia, likavuka mpaka wa Kasumbalesa, na mengi ya magari ya Kiingereza ninayoyashika hapa yamepita njia hiyo hiyo.

Uamuzi wangu nautoa sasa hivi, mwenye haraka asikae bure: kama kabureta yako haijapasuka, usinunue nyingine. Inyooshe.

Injini iliyo chini yake mnaijua. Silinda 4, sentimita za ujazo 2,286, ya petroli, au esansi kama tunavyosema huku. Rover walianza kuifunga mwaka 1958 pamoja na Series II, na mwaka 1980 wakaiongezea beringi kuu za krenki kutoka 3 hadi 5. Yangu ni ya beringi 3. Nguvu zake ni farasi 70 hivi, si mkimbiaji, lakini njia ya Likasi inapanda na magunia manane ya unga bila kulalamika. Ninaipenda injini hii, naisema wazi.

Sasa shida. Mwaka jana ilianza hivi: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto inapanda na kushuka yenyewe, uuum, uuum, uuum, halafu inazima ukifika tu kwenye mzunguko wa barabara. Buji, yaani plagi za cheche, zinatoka nyeusi kama sufuria ya jikoni. Unageuza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani, unaigeuza nje, hakuna kinachobadilika. Hiyo alama ya mwisho ishikeni vizuri. Skrubu isiposikilizwa, ina maana mafuta yanapita mlango mwingine.

Mimi sikujua. Nikatoa dola 70, nikanunua kopi mpya inayong'aa. Ilipofika nikashika ekseli ya kile kisahani cha ndani kinachofungua hewa, ikacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto. Skrubu mbili zinazoshika hicho kisahani hazikufungwa kwa namna yoyote ya kuzizuia zisilegee. Fikirieni, skrubu ikitoka pale inaenda wapi? Inaanguka ndani ya injini. Sikuifunga hata siku moja.

Ni papa mmoja, fundi mzee aliyefanya kazi ya magari migodini, ndiye aliyeokota ile ya zamani chini ya meza. Akaitazama, akaniambia: "Mwana, iyi kintu haiyafa." Akaomba kipande cha kioo cha dirisha.

Sogezeni macho, naleta kamera karibu. Kifuniko cha juu kinashikwa na skrubu 4. Ukikiinua kinakuja na kibloku hiki kinachobeba boya na jeti, vile vitundu vinavyopima mafuta. Tenganisha kibloku na kifuniko. Sasa kalisha uso wa kifuniko juu ya kioo, ubonyeze kona hii kwa kidole. Mmesikia? Tak, tak. Kinabembea. Kimepinda, na sababu yake ni mkono wa fundi: madini haya ni laini, kila mtu aliyeona mafuta yanavuja alikaza skrubu zaidi, na kila alivyokaza ndivyo kilivyopinda. Kwenye nafasi hiyo esansi inajipenyeza bila kupimwa na jeti yoyote.

Dawa yake: msasa laini wa namba 400, uulaze kwenye kioo, mwagia maji kidogo, halafu sugua uso huo kwa kuchora nane, taratibu, bila kulemea upande mmoja. Kila baada ya dakika chache futa uangalie. Sehemu zilizoguswa zinang'aa, mabonde yanabaki meusi. Mimi nilikaa karibu saa nzima mpaka uso wote ukawa rangi moja. Kibloku nacho kifanyie vivyo hivyo. Kisha badilisha hii pete ya mpira, oringi, inayoziba pale kibloku kinapokutana na koo la kabureta. Yangu ilikuwa ngumu kama plastiki, ikavunjika mkononi. Pete hii ni pesa ya maji ya kunywa tu, lakini ikivuja mafuta yanadondoka ndani ya koo mchana kutwa. Osha kila kitu, puliza matundu, fungisha skrubu kwa kupokezana, na ukaze kwa vidole viwili vya mkono, si kwa bega.

Kabla hujafungua chochote, tazama platini kwanza, zile ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana ili buji zipate cheche. Nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Nimeona kabureta nzima imefunguliwa kwa kosa la platini iliyoungua.

Na jambo la hapa kwetu: Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mchanganyiko unaelekea kuwa mzito wa mafuta. Mwenzangu wa Mombasa au Dar, usinakili skrubu yangu, sikiliza ya kwako.

Haya, tuwashe. ... Mnasikia? Hiyo si uuum tena. Naigeuza skrubu ndani kidogo, inaanza kukosa pumzi, naitoa, inarudi. Inanisikiliza.

Angalieni na hapa chini, kwenye kikombe cha kioo cha pampu ya mafuta. Ile tone inayozunguka chini ni maji. Hiyo ni esansi ya vidumu niliyonunua juzi kando ya barabara. Nazima, naifungua, naimwaga sasa hivi.