Kirikuu ya zamani: fungua rejeta kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya wasomaji walionunua kirikuu (pikapu ndogo za Kijapani) za mtumba hapa Dar yanafanana mno. Gari imenunuliwa, imepakwa rangi, imepakiwa mzigo, imekutana na foleni ya Buguruni saa nane mchana, imechemsha. Fundi akifungua anakuta hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda, imepinda, na hela iliyotengwa kwa tairi na turubai inaishia kwenye injini. Kwa hiyo hapa hatutazungumzia kilomita, kwa sababu mita hurudishwa nyuma, wala viti, wala redio. Tutazungumzia maji.

Pikapu hizi za Kijapani, kwa zile za kuanzia 1990, zina injini isiyozidi cc 660. Injini imefichwa chini ya viti au nyuma chini ya bodi, mahali ambapo upepo hauifikii vizuri, na hedi yake ni ya aluminiamu. Kiwandani zilipangiwa mzigo wa kilo 350, yaani mifuko 7 ya saruji. Sisi tunapakia 15, tunapandisha Goba na gia ya pili, halafu tunajaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Maji hayo yanakula mabomba ya chuma kwa ndani na kuziba njia nyembamba za rejeta.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha "ili ipate moto kidogo", rudi siku nyingine. Ya moto inaficha mengi, na kufungua kofia ya rejeta ya moto ni kujiunguza. Fungua kofia, chovya kidole. Rangi ya kahawia ni kutu. Utando wa mafuta ni dalili kwamba gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekufa. Ukikuta harufu au chembe za binzari, kuna tundu limezibwa kienyeji, na huo unga umeshaingia kwenye rejeta yote. Washa injini kofia ikiwa wazi: mapovu machache mwanzoni ni hewa tu, lakini yakiendelea kutoka kila unapokanyaga mafuta, moshi wa silinda unapita kwenye maji. Hapo usijadili bei, ondoka.

Kisha shika hosi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ipate moto ghafla thamostati, vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, inapofunguka, kwenye nyuzi 82 hivi. Ikipata moto polepole tangu mwanzo, thamostati imetolewa, na mara nyingi imetolewa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha. Angalia pia waya wa feni. Feni iliyofungiwa swichi ya mkono kwenye dashibodi inategemea dereva akumbuke, na dereva wa kuajiriwa kwenye foleni hakumbuki.

Chaguo la kwanza ni Suzuki Carry, na silifichi. DA63T, iliyotoka kuanzia 2002, ina injini ya K6A yenye cheni ya taimingi (inayoendesha vali) badala ya belti, na haina kabureta ya kuhangaika nayo. Ukitaka ya kufufua kwa bei nafuu zaidi, chukua ya miaka ya 90, DC51T au DD51T, yenye injini ya F6A. Hiyo ina taimingi belti. Usiamini neno la mtu, badilisha belti na wota pampu pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. DD51T inavuta magurudumu manne. Kama hufiki kwenye tope la Chanika au mchanga wa Kigamboni, ya magurudumu mawili inatosha na ina vitu vichache vya kuharibika. Spea za Carry zimejaa Gerezani, na fundi anayeijua humtafuti mbali.

Ya pili ni Daihatsu Hijet S200P. Injini nzuri, lakini lala chini yake ukague kutu kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma.

Honda Acty inasifiwa kwa kutulia barabarani, na ni kweli. Tatizo ni lilelile la maji: rejeta iko mbele, injini iko chini ya bodi, na katikati mabomba marefu yanapita chini ya gari. Kugonga kwa bisibisi kutakuambia: chuma kizima kinalia, kilichooza kinabonyea. Hewa ikibaki humo, injini inachemsha huku rejeta imejaa. Mitsubishi Minicab na Subaru Sambar ni rahisi kununua. Kupata spea ndiyo shughuli.

Ukishanunua, kazi ya kwanza ni maji, kabla ya rangi. Mwaga yote, toa thamostati, pitisha maji ya bomba kinyumenyume mpaka yatoke meupe. Badilisha hosi zote na vibano vyake, thamostati, na kofia ya rejeta yenye namba ileile ya presha ya mwanzo, 0.9 au 1.1. Jaza kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu na maji ya betri nusu. Andaa ya kutosha usipungukiwe. Inua pua ya gari ili mdomo wa rejeta uwe juu, fungua hita iwe ya moto kabisa, acha injini ingurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukiongeza. Kama hedi ilishafunguliwa, mwambie fundi aweke rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia mwanya) mbele yako. Mwanya ukizidi milimita 0.05, hedi inapelekwa kuchongwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni hela imetupwa.

Linaloudhi ni kwamba wauzaji wanayajua haya yote. Chini wanapuliza rangi nyeusi mpaka kwenye mabomba, bei inapandishwa kwa sababu ya "bodi safi", kisha dalali anachukua chake kwa muuzaji na kwako. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari ya miaka ishirini na zaidi ina sababu. Ikwangue kwa kisu kabla hujatoa hata shilingi, na anayekukataza kukwangua asikuuzie gari.