Nyota mbili, zote za dereva na kiongozi: ziara ya wikendi iliyokatwa bila nafasi ya mshono

Nianze na nyota ili msihangaike kuzitafuta: mbili kati ya tano. Moja ya dereva, moja ya kijana aliyetuongoza. Ofisi iliyotuuzia safari haina nyota kwangu.

Mimi ni fundi cherehani. Wikendi ndiyo siku zangu za wateja, kwa hiyo nikifunga mashine siku mbili mfululizo mjue nimeshawishiwa kweli. Aliyenishawishi ni binti wa mdogo wangu. Aliliona tangazo, akalipia nafasi mbili, akaniambia, "Mama mkubwa, safari hii hufanyi kitu, ni kukaa dirishani tu." Nikaongeza fedha zangu ili nilale chumba cha peke yangu, maana nakoroma na najijua.

Ratiba ilikuwa ukurasa mmoja, safi kabisa. Jumamosi: kuondoka saa 12:00 asubuhi, kufika chini ya mlima saa 4:00, maporomoko dakika 90 kwenda na kurudi, chakula, pango saa 8:00, halafu nyumba ya wageni kabla ya giza. Jumapili: kuangalia jua likichomoza, mashua ziwani, kurudi. Nilipoisoma nilishtuka kifundi. Nikikata kitambaa huacha sentimita moja na nusu nje ya mstari wa kipimo, kwa sababu mshono nao unataka pa kukaa. Hii ilikuwa imekatwa juu ya mstari wenyewe. Nikanyamaza, nisije nikaonekana bibi wa kuharibu starehe za vijana.

Tulikuwa abiria 14. Tuliondoka saa 1:20, maana kituo cha pili kulikuwa na wawili waliokuwa bado wanaoga. Tayari tumekula muda ambao haukuwepo.

Saa 3 na kitu tukiwa tunapanda, dereva akaangalia geji ya joto, akaingiza basi pembeni, akazima. Mvuke ukatoka mbele kama birika. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Hapa ndipo nilipompenda yule baba. Abiria mmoja, yule mtaalamu ambaye kila safari lazima awepo, alitaka mfuniko wa rejeta ufunguliwe palepale maji yaongezwe tuwahi. Dereva akakataa. Akaeleza kwa upole, kama anayemfundisha mwanawe, kwamba maji ya mle ndani yamebanwa, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu yanalipuka na kukubabua uso. Mtaalamu akasema yeye amefungua mara nyingi. Dereva akamjibu, "Basi Mungu anakupenda, kaka," akaenda kukaa kivulini.

Tulingoja injini ipoe karibu saa nzima. Kisha akaulegeza ule mpira, na kumbe ulipasuka mwishoni kabisa, karibu na kibanio. Akakikata kile kipande kibovu kwa kisu, akauvuta uliobaki, akaukaza upya na kujaza maji ya akiba taratibu. Ukafika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikamuuliza, hivi huu mpira ungekuwa umekatwa sawasawa na urefu wake je? Akacheka: "Tungelala hapa, mama." Hata mpira wa rejeta ulikuwa na ziada.

Muda wote huo kiongozi alikuwa akipiga simu ofisini. Haikupokelewa. Baadaye ukaja ujumbe mmoja, nimeusoma kwa macho yangu: endeleeni kama ilivyo kwenye ratiba. Ratiba wakati huo ilikuwa inasema tuko tunakula.

Chini ya mlima tulifika saa 8 kasoro. Kibao kwenye njia kilisema kilomita 4 hadi maporomoko, kupanda mita 400. Nikamuuliza kiongozi zile dakika 90 zilitoka wapi. Akaangalia kwanza kama kuna anayesikia, halafu akaniambia kuna kanuni ya mpanda milima wa Uskochi aitwaye Naismith, ya tangu 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nikapiga hesabu huku natembea, vidole ninavyo. Kilomita 4 ni dakika 48, mita 400 ni dakika 40. Jumla 88, na hapo ni kufika juu tu! Bila kupumzika, bila picha, bila yule mama mwenzetu mwenye goti bovu, bila watoto wawili waliosimama kila penye mdudu. Aliyeandika ratiba alisahau kwamba anayepanda hushuka.

Kiongozi alikuwa mmoja tu kwa watu 14, na hilo ni kosa la ofisi, si lake. Alifanya alichoweza. Alimweka mama wa goti mbele kabisa, akasema mwendo wa kundi ni mwendo wake, na akamwomba kaka mmoja mrefu awe wa mwisho, asipitwe na mtu yeyote. Vijana walinung'unika. Mimi nilifurahi kimyakimya, maana goti langu nalo lina maoni yake.

Maporomoko ni mazuri, sitawanyima haki yao. Maji yanashuka kama kitambaa kilichofunguliwa kutoka kwenye jora, na baridi yake inakufikia kabla hujayaona. Tulikaa robo saa. Ofisi ilikuwa imetuuzia picha hiyo na nyingine tatu, tuliipata hiyo.

Giza lilitukuta tukishuka. Tochi za kweli zilikuwa mbili, zilizobaki ni simu zilizochoka kwa kupiga picha mchana kutwa. Katika kuhesabu, wawili hawapo, na kaka mrefu anaapa hajapitwa. Kumbe waliingia kijinjia cha pembeni kutafuta mandhari. Kiongozi akatusimamisha sote, akatoa filimbi. Akapuliza, tukasikiliza. Kimya. Akarudia. Safari hii tukasikia sauti ndogo kutoka kushoto: filimbi, mara sita, kisha kimya. Mmoja wa wale wawili, binti, alikuwa na filimbi kwenye mkanda wa begi lake, na asubuhi kwenye basi kiongozi alikuwa ametueleza, wengi tukisinzia, kwamba mwenye shida milimani hupuliza mara sita ndani ya dakika moja, hutulia dakika moja, hurudia. Na anayemjibu hupuliza mara tatu. Akajibu tatu. Robo saa baadaye wakatokea, mmoja analia, mwingine anajifanya halii. Mwanangu alinishika mkono mpaka tunafika kwenye basi, na hakusema tena habari za dirishani.

Pango lilifungwa saa nyingi kabla hatujalikaribia. Nyumba ya wageni tulifika usiku mkubwa, na chumba changu cha peke yangu kilikuwa na vitanda vitatu na watu wawili ndani yake. Poleni sana, dada zangu, kwa kukoroma.

Jumapili ofisi ikafufuka. Simu ya kwanza saa 10 alfajiri: tuwahi jua kilimani, asubuhi tufidie pango la jana, halafu mashua, na saa 12 jioni tuwe tumerudi. Kiongozi alitugongea, akatukalisha wote, akasema wazi kwamba dereva amelala kwa muda wa saa nne tu na hatamwendesha mtu yeyote mpaka apate usingizi wa kutosha. Kwa hiyo ni mashua au pango, tuchague. Tukapiga kura kwa mikono. Mashua ikashinda. Ni hapo tu, kwenye saa mbili za ziwani, ambapo nilipumzika kama nilivyoahidiwa.

Fedha ya chumba nimerudishiwa, baada ya ujumbe wa tatu. Ya pango hapana. Wanasema lilifungwa na wenyewe, na mwisho wa karatasi, kwa herufi za kushonea shanga, imeandikwa kwamba ratiba inaweza kubadilika. Sawa. Ila si wao walioibadilisha. Waliibadilisha kijana mmoja mwenye filimbi na baba mmoja mwenye kisu, na siku nikisikia hao wawili wameanza safari zao wenyewe nitafunga cherehani tena.

Jana ofisi imeniandikia. Wanaomba picha zangu waziweke kwenye tangazo la safari ijayo. Nimechagua tatu, zote za ule mvuke wa rejeta.