Harusi mbili za kutisha: Demon au [REC]³ Génesis?

Kama usiku wako unatosha filamu moja tu ya harusi inayogeuka balaa, anza na Demon ya Marcin Wrona, ya Poland, mwaka 2015.

[REC]³ Génesis ya Paco Plaza, ya Hispania, 2012, inachangamsha zaidi, sikatai. Mjomba aliyeng'atwa na mbwa anaanza kula watu, ukumbi unachafuka, na bibi harusi Clara anashika msumeno wa mnyororo, anakata gauni lake ili miguu ipate nafasi. Raha tupu! Ila inaanza kwa kamera za mkononi, kisha inaziacha, na hapo hofu yangu ilipungua.

Demon haina mbio. Piotr ametoka Uingereza kuja kuoa. Anachimba kwa katapila kwenye uwanja wa nyumba waliyopewa, anakuta mifupa ya mtu. Usiku wa sherehe anapandisha pepo: mwili wa Itay Tiran, anayeigiza Piotr, unajikunja na kutetemeka mbele ya wageni, kisha anaanza kusema Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya na ya Hana, msichana wa Kiyahudi aliyepotea zamani. Na baba mkwe? Anaagiza vodka iongezwe, wageni wasione aibu ya familia. Banda, mvua, walevi, na mji ulioamua kuwasahau Wayahudi wake: gharama ndogo, ila inakukaa kifuani siku nyingi.

Wrona alifariki Septemba 2015, filamu ikiwa ndiyo kwanza inazunguka kwenye matamasha. Inauma sana.

Ya Hispania itazameni mkiwa wengi. Demon, zima taa.