Uchambuzi wa bidhaa: Mashambulizi ya kasi ya Oregon, msimu wa 2010

Karibuni tena, watazamaji. Mmezoea kuniona hapa nikifungua maboksi ya simu na spika, lakini leo meza yangu ni tupu kwa sababu bidhaa ninayoichambua haina boksi. Ni mfumo wa kushambulia, ule ambao timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Oregon, maarufu kwa jina la Ducks, iliutumia msimu mzima wa 2010 chini ya kocha Chip Kelly. Nimeukagua kama ninavyokagua kifaa chochote: je, unafanya kile unachosifiwa, na ukishindwa unashindwia wapi?

Kwa mtazamaji aliyelelewa na kandanda, naomba nieleze kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10, ikifaulu huanza upya, na baina ya jaribio na jaribio mchezo husimama. Kanuni za vyuo huwapa washambuliaji hadi sekunde 40 za kujiandaa, na kwa desturi timu huzitumia kukusanyika duara, kusikia maelekezo na kuvuta pumzi. Kelly aliliondoa duara lile. Mwamuzi alipouweka mpira chini tu, wachezaji wa Oregon walikuwa tayari wamejipanga, wakitupia macho mabango makubwa ya picha yaliyoinuliwa kando ya uwanja, ambayo ndiyo yaliyobeba maelekezo, na mpira ukaanzishwa huku walinzi wa upande wa pili wakiwa bado wanatafutana. Kanuni huwapa walinzi muda wa kubadilisha wachezaji pale washambuliaji wanapobadilisha wa kwao. Washambuliaji wasipobadilisha, hakuna anayemsubiri mlinzi yeyote, na jitu la zaidi ya kilo 130 lililoishiwa pumzi hubaki pale pale likihema.

Sehemu ya pili ya bidhaa hii ni kutawanya. Uwanja una upana wa yadi 53 na kidogo, na Oregon waliutumia wote kwa kuwapanga wapokeaji, yaani wachezaji wa kudaka mpira uliorushwa, mbalimbali hadi pembeni, ili kila mmoja aondoke na mlinzi wake na katikati pabaki peupe. Wengi wakisikia mashambulizi ya kutawanya hudhani ni timu ya kurusha mpira angani kutwa nzima. Sivyo. Huu ulikuwa mfumo wa kukimbia na mpira, na kiini chake kilikuwa hila moja ambayo sichoki kuitazama: mlinzi mmoja wa pembeni aliachwa makusudi bila mtu wa kumzuia. Darron Thomas, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kuurusha mpira, aliuweka mpira tumboni kwa mkimbiaji LaMichael James bila kuuachia, macho yake yakiwa kwa mlinzi yule. Mlinzi akimfuata James, Thomas anauchomoa mpira na kupita pembeni. Akibaki mahali pake, James anaachiwa mpira na kupenya ndani. Mlinzi huyo hukosea kila anapoamua, na Oregon wanabaki na mtu mmoja wa ziada wa kumzuia mwingine. James alimaliza msimu na yadi 1,731 za kukimbia, nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa vyuo mwaka huo, akapewa tuzo ya Doak Walker ya mkimbiaji bora, ingawa mechi ya kwanza hakucheza.

Sasa matokeo. Oregon walifunga pointi 611 katika mechi 13, yaani wastani wa pointi 47, wa juu kuliko wote katika daraja la kwanza. Hata hivyo, zile 72 kwa 0 dhidi ya New Mexico na 69 kwa 0 dhidi ya Portland State msinunulie bidhaa hii. Wapinzani wale walikuwa dhaifu, na hata mfumo wa kawaida ungewatosha. Ninachowaomba mtazame ni mechi ambazo Oregon walianza nyuma. Ugenini kwa Tennessee walikuwa nyuma 13 kwa 3, wakafunga pointi 45 bila kujibiwa. Tarehe 2 Oktoba, Stanford ya kocha Jim Harbaugh na kwotabeki Andrew Luck iliwatangulia 21 kwa 3, kisha kipindi cha pili Oregon wakapata 28 na Stanford sifuri, mechi ikaisha 52 kwa 31, James peke yake akikimbia yadi 257. Stanford hawakufungwa na mtu mwingine msimu ule. Kwa USC, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, walikuwa nyuma 32 kwa 29 katika robo ya tatu, wakaondoka na ushindi wa 53 kwa 32. Kwa haki, sifuri ya Stanford ni kazi ya walinzi wa Oregon, ambao hawakuimbwa vya kutosha. Lakini zile pointi 28 zinaonyesha kasi ilinunua nini. Kasi haikuwashinda wapinzani dakika ya tano. Iliwakopesha uchovu, ikaja kuudai baada ya mapumziko.

Dosari ya kwanza ilionekana Berkeley mwezi wa Novemba, walipowashinda California 15 kwa 13 tu, na tachidauni moja kati ya mbili walizopata (tachidauni ni kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa kufungia) haikutokana na mashambulizi hata kidogo, bali na mpira uliopigwa teke na California ukarudishwa hadi mwisho. Siku ile walinzi wa California walianza kuanguka na kushika miguu ili mchezo usimame. Sisi wa kandanda tunaijua ngoma hiyo vizuri. Baadaye kocha mmoja wa walinzi hao alikiri kumwagiza mchezaji ajifanye ameumia, akasimamishwa. Bado mechi ile ndiyo iliyonishawishi kwamba mfumo huu una gia zaidi ya moja, kwa sababu Oregon waliimaliza wakiwa na mpira mkononi kwa zaidi ya dakika 9, wakitembea polepole na kuila saa yote.

Dosari kubwa ilitokea tarehe 10 Januari 2011 mjini Glendale, Arizona, katika fainali ya taifa dhidi ya Auburn. Siku 37 zilikuwa zimepita tangu mechi ya mwisho ya Oregon, muda wa kutosha kwa mpinzani kupumzika na kuisoma ile hila. Auburn walikuwa na Nick Fairley katikati ya safu ya walinzi, na hila ya kumwacha mtu wa pembeni haina maana ikiwa mtu wa katikati amekwisha kufika kabla ya mpira kubadilisha mikono. Timu nzima ya Oregon ilikimbia yadi 75. James alipata 49. Katika robo ya tatu walifika yadi 1 kutoka kwenye mstari wa kufungia, wakazuiwa katika jaribio la nne. Thomas alilazimika kurusha, na alirusha yadi 363, jambo linalonifanya niupe mfumo huu alama 8 kati ya 10 badala ya 7, kwani ulipofungiwa mlango wa mbele ulitafuta wa nyuma.

Zikibaki dakika 2 na sekunde 33 James alifunga, pointi 2 za nyongeza zikapatikana, ikawa 19 kwa 19. Auburn wakauchukua mpira. Mkimbiaji wao Michael Dyer aliangukia juu ya mlinzi bila goti kugusa nyasi, akainuka na kuendelea hadi akawa amesogeza mpira yadi 37, na mwishoni Wes Byrum akapiga teke la yadi 19 lenye pointi 3, ikawa 22 kwa 19. Muda wote huo Thomas na James walikuwa nje ya mstari, na mpira haukuwarudia tena.